Mstari Chini ya Sita

Jumamosi asubuhi Chiriku alikuwa na kazi yake kwenye maabara ya mama: kuosha mawe ya matale, yale magumu yenye madoadoa, kwa mswaki mkuukuu. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Kila jiwe lilikaa kwenye kopo lake, namba imepigwa rangi juu ya kifuniko cha duara. Chini ya sita na tisa mama alichora mstari wa penseli, zisichanganywe. Siku hiyo Chiriku alisugua hata vifuniko, vikang'aa. Mistari ikafutika.

Akageuza kifuniko huku na huku. Sita, tisa, sita. Hakujua tena ipi ni ipi. Akatazama mlangoni, akachukua penseli, akabahatisha.

"Leo Chiriku kaishiwa betri?" fundi wa mashine ya kusagia mawe, ambaye Chiriku alimwita shangazi, alimtania.

Chiriku aliinamia mswaki wake. Mama alikuwa akipanga makopo.

"La sita nililitoa chini ya mlima, la tisa kileleni," mama alimwambia fundi. "Yote yalikuwa uji wa moto huko ardhini, yakapoa. Ndani yake mna punje ndogo kuliko chumvi, zinazotunza umri. Kemikali zake nazo zitatuambia yaliyeyukia wapi. Hapo ndipo tutajua safu ile ya milima ilianza kuinuka lini, na ilitulia lini."

"Na yakichanganyika?" Chiriku aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tutausimulia mlima kichwa chini miguu juu. Yakishakuwa unga, hakuna wa kuyatambua."

Fundi alibonyeza kitufe. Mashine ikanguruma. Akashika kopo la kwanza.

"Shangazi, usitie." Machozi yalikuwa yanamtoka Chiriku. "Mama, mistari ile nimeichora mimi. Nilibahatisha."

Mashine ilizimwa. Mama akafungua droo, akatoa vipande viwili vilivyofungwa kwenye karatasi zilizoandikwa "chini" na "kileleni". Kila jiwe alikuwa amelivunja kule mlimani, akabakiza pacha wake. Akavijaribisha kimoja kimoja kwenye mawe ya makopo, kama mtu anayeunga sahani iliyovunjika. Vikashikana. Sita ya Chiriku ilikuwa tisa.

"Ulifuta bila kukusudia," mama alisema, akimpa penseli. "Hilo ni bahati mbaya. Kuchora ndiko kulikokuwa uongo. Jiwe hili limetunza ukweli wake mamilioni ya miaka, mwanangu. Wewe wako umekushinda asubuhi moja, lakini umeusema kabla ya mashine. Haya, chora."

Chiriku akafuta mstari wa uongo, akageuza kifuniko, akachora mstari chini ya sita.