Umande Huo, Mwanne

"Nikiingia baraza la madiwani, kitu cha kwanza ni mtaro wa soko! Mvua ikinyesha sisi akina mama tunauza asali tumesimama kwenye maji. Ndiyo au siyo?"

"Ndiyooo!"

"Sijasikia!"

"NDIYOOO!"

Mwanne alikuwa amepamba moto jioni ile. Kiwanja kimejaa, kanga zinapeperushwa, vuvuzela zinalia. Akavuta pumzi aendelee, maiki ikazima. Spika zikatoa mlio mdogo, ko, ko. Halafu ikatoka sauti ya mwanamume, ya taratibu, ya mtu aliyetoka usingizini.

"Mwanne. Rudi ndani, umande huo."

Jamani! Kiwanja kizima kilinyamaza. Ile ilikuwa sauti ya Sabiri. Sabiri mumewe, aliyekuwa diwani wa kata hiyo hiyo, tuliyemzika wenyewe kwa mikono yetu, na ambaye kiti chake ndicho Mwanne alichokuwa akikigombea kwenye uchaguzi mdogo.

"Mwanne. Rudi ndani."

"Innalillahi!" akapiga kelele mama mmoja, akajitwika beseni lake la maandazi, huyooo. Wengine wakamfuata. Watu wa Tabora hatuogopi jua wala vumbi, lakini maiti anayeongea kwenye spika, hapana. Kila mtu alikwenda kwao.

Mwanne alibaki jukwaani ameshika maiki iliyokufa, na kifua kimeanza kumbana. Ana pumu tangu utoto. Lukumani, fundi wake wa spika, akachomoa waya zote, akapanda mbio kumshika mkono.

"Shuka, Mwanne. Shuka taratibu."

"Umemsikia?"

"Nimesikia."

"Ni wewe?"

Swali hilo lilikuwa na mzizi wake. Lukumani ni Mzaramo, ingawa kazaliwa hapa hapa; babu yake aliletwa na reli, akashuka Igalula, asirudi tena pwani. Na Mzaramo kwa Mnyamwezi ni mtani, tangu enzi za misafara. Kwenye msiba wa Sabiri, Lukumani ndiye aliyevaa kofia ya marehemu, akashika bakora yake na kuiga sauti yake mbele ya waombolezaji: "Ndugu zangu, mbona mnalia na wali bado haujaiva?" Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Ndiyo kazi ya mtani. Ila ina mpaka. Tanga likianuliwa, kofia inarudi kwa wenyewe, na sauti ile inazikwa pamoja na mwenyewe.

"Mwanne, nilikuwa chini ya jukwaa, mbele yako," Lukumani alijibu. "Uliuona mdomo wangu?"

"Ulikuwa umefumba."

"Basi."

Na Mwanne akaamini. Kwa nini asiamini? Yale maneno hakuna mtu wa nje aliyeyajua. Sabiri alikuwa akiyasema alfajiri, mlangoni, Mwanne anapotoka na ndoo zake za asali kwenda sokoni. Hakuyasema kwenye mkutano wala kwenye simu. Yalikuwa maneno ya nyumbani, ya mke na mume.

Isha ilipopita simu ikaita. Abdulatifu, shemeji yake, mdogo wa Sabiri. Huyu alianguka kwenye kura za maoni, akahama chama kwa hasira, na sasa anagombea kiti kile kile dhidi ya mjane wa kaka yake.

"Shemeji, pole. Nimesikia yaliyotokea."

"Asante."

"Mimi si mtu wa kuamini mambo haya. Lakini kaka yangu namjua. Hajaridhika."

"Hajaridhika na nini?"

"Na mke wake kupayuka majukwaani, na wanaume wanampigia makofi. Sikiliza, shemeji. Kesho kutwa unafunga kampeni. Panda, waambie watu kiti kibaki kwenye damu ya Sabiri. Wanipe mimi. Utaona kama hatakuacha ulale."

Mwanne alikata simu, akakaa kitandani upande wake. Ule wa Sabiri alikuwa bado hajaulalia.

Alfajiri alibeba ndoo zake kama kawaida. Alipofungua tu mlango wa uani, kutoka nyuma ya ukuta, pale pale gizani:

"Mwanne. Rudi ndani, umande huo."

Ndoo zilimtoka mikononi. Asali ikamwagika kizingitini, na yeye akarudi ndani kinyumenyume, anahema, anatafuta dawa yake ya kuvuta. Alipopata pumzi akampigia Lukumani.

"Amekuja tena. Nimemwaga asali yote. Lukumani, naogopa."

"Nakuja sasa hivi."

"Usikate simu. Niongeleshe mpaka ufike."

Akamwongelesha njia nzima. Niwaambie ukweli, hawa wawili walikuwa wanapendana. Eda ilipokwisha Lukumani alimtamkia, na Mwanne akamjibu, "Uchaguzi upite kwanza." Alipofika akamkuta amejikunyata jikoni, akamfunika kanga, akamchemshia chai. Mwanne akamwegemea begani.

"Nikijitoa ataniacha?"

Lukumani alitazama masizi ya sufuria. "Usiamue leo," alisema.

Lakini Mwanne alikuwa ameshaamua. Mchana alimtumia Abdulatifu ujumbe: "Nitasema kesho. Wewe njoo usikie." Jibu likarudi haraka: "Mungu akubariki shemeji yangu. Sasa umekuwa mke mwema."

Baada ya alasiri akaenda chumbani kwa mama mkwe kumweleza alichoamua. Bi Kuluthumu, mama yake Sabiri, aliishi naye nyumba moja, ukuta kwa ukuta. Mlango ulikuwa umerudishiwa. Mwanne alipoinua mkono abishe hodi, akamsikia Sabiri akiongea ndani.

Ko, ko.

"Mama. Nimefika salama. Usilie, mama. Kula."

Safari hii Mwanne hakukimbia, na sababu ni zile ko mbili. Alizijua. Alikuwa amezisikia kila jioni ya kampeni: Lukumani anaigonga maiki kwa ukucha mara mbili, ko, ko, kisha anamkabidhi. Hata simu hawezi kuirekodia bila kuigonga. Mwanne akausukuma mlango.

Bi Kuluthumu alikuwa amelala ubavu, simu ndogo kaibana sikioni kwa kiganja. Macho kayafumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Shh. Ananiongelesha."

"Mama, hii kakupa nani?"

Bibi akafumbua macho. Aliitazama simu, akamtazama mkwewe.

"Nilimwomba Lukumani. Usimgombeze, alikataa sana. Alisema mtani haruhusiwi, tanga limeshaanuliwa. Nikamshika miguu. Mwanne, sikuwa nalala mimi. Nikamwambia, niwekee maneno machache tu aliyokuwa anayasema humu ndani. 'Mama kula.' Na lile la alfajiri nililokuwa nalisikia ukutani, akikuambia wewe. Nikilisikia najua kumekucha na mwanangu mzima."

"Na Abdulatifu?"

"Abdulatifu kafanyaje? Juzi kaichukua simu akaniwekee salio, akairudisha siku ile ile." Ikamwingia polepole. "Mama yangu weee."

Mwanne alikaa kitandani karibu yake. Hasira ilikuwa imemjaa, lakini si juu ya bibi yule.

"Mwanne," bibi alisema, "mke akifiwa anakaa eda, inakwisha, anaolewa. Mama akifiwa na mwana, eda yake inakwisha lini?"

Mwanne alimfunika shuka miguuni, akatoka.

Banda la Lukumani liko Mtendeni, kati ya fundi cherehani na muuza mitumba. Alimkuta anafunga spika za mkutano wa kesho.

"Gonga maiki," Mwanne alisema.

"Nini?"

"Gonga maiki, Lukumani, kama unavyogonga siku zote. Halafu niambie nirudi ndani."

Bisibisi ikamdondoka. Akakaa juu ya spika.

"Umejua."

"Nimejua. Ulivyosema 'uliuona mdomo wangu' ulinifanya mjinga."

"Sikumpa Abdulatifu. Wallahi sikumpa. Jana mkutanoni nilishtuka kama wewe. Ameingia kwenye spika kwa simu tu, bila waya, kutoka kwenye gari lake, na alfajiri bila shaka akaja nayo nyuma ya ukuta wako."

"Sijakuuliza hilo. Ulipoisikia, ulijua ni koo lako?"

"Nilijua."

"Na nilipokuwa jikoni natetemeka?"

"Nilijua."

"Nikakuuliza nikijitoa ataniacha. Ukaangalia sufuria!"

"Niliogopa ungenichukia."

"Hiyo ni nusu. Sema na nusu nyingine."

Lukumani akainamisha kichwa.

"Ulipoogopa ulinipigia mimi," alisema. "Tangu Sabiri afe hujawahi kunihitaji vile. Nikaona tamu, Mwanne. Mungu anisamehe, nikaona tamu."

Mwanne alimtazama yule mwanamume aliyempenda, na moyo ukamuuma kweli kweli, kwa sababu bado alimpenda.

"Yule mwingine ametaka kiti changu," akamwambia. "Wewe umekula hofu yangu. Kesho njoo na spika zako, kazi yako uimalize. Baada ya hapo usinipigie. Nikikutaka nitakuita mwenyewe."

Siku ya kufunga kampeni kiwanja kilifurika. Habari za mzimu zilikuwa zimefika mpaka Nzega, na watu wengine walikuja kumsikiliza marehemu tu, si mgombea. Abdulatifu alikaa kiti cha mbele, kanzu nyeupe, kofia kailaza upande, anatabasamu.

Lukumani akashika maiki. Ko, ko.

"Mwanne. Rudi ndani, umande huo."

Watu waliruka. Kuna waliokwisha kugeuka wakimbie. Lakini safari hii mdomo walikuwa wanauona, unafunguka na kufumba mbele yao, mchana kweupe.

"Tulieni!" Lukumani alisema, sasa kwa sauti yake. "Sabiri amelala kaburini, hana neno na mtu. Sauti ni yangu mimi, mtani wenu. Nimeiga baada ya tanga kuanuliwa, na hilo ni kosa. Nikajua inatumika kumtisha huyu mama, nikanyamaza, na hilo ni kosa kubwa zaidi. Watani, nimewakosea."

"Uongo!" Abdulatifu akasimama. "Wamepanga hawa! Nani kaitumia? Ushahidi uko wapi?"

"Uko hapa."

Bi Kuluthumu alikuwa anakuja, anajikokota na bakora ya Sabiri, na watu wanampisha. Hakupanda jukwaani. Alisimama mbele ya mwanawe na kumwonyesha simu ile ndogo.

"Uliichukua kuniwekea salio. Salio liko wapi, Abdulatifu?"

"Mama, si hapa."

"Ni hapa hapa. Nilizaa wawili. Mmoja kafa, nikabaki na sauti yake ya kuazima, nailalia. Nawe ukaniibia hata hiyo?"

Abdulatifu akaketi. Halafu akaona kukaa ni vibaya zaidi, akainuka akaondoka, na hakuna aliyemzomea. Tulimwonea haya.

Mwanne ndiye aliyesema mwisho. Kifua kilikuwa kinambana, sauti ikatoka nyembamba.

"Maneno mliyoyasikia ni ya kweli. Mume wangu alikuwa akiniambia hivyo kila alfajiri, kwa sababu nina pumu. Nikirudi ndani ananivisha sweta, ananifunga vifungo mpaka shingoni. Halafu ananifungulia mlango, ananitwika ndoo. Hakuna hata siku moja Sabiri alinizuia kutoka. Nilikuwa nimelisahau hilo. Woga ulinisahaulisha. Sasa nimelikumbuka, na naomba kura zenu."

Akashinda. Waliosema kuwa mwanamke akae nyumbani walimpigia, na waliokuja kusikiliza mzimu nao walimpigia.

Lukumani hakupiga simu. Alikaa bandani kwake anaungaunga waya, amekonda mpaka kola inamzidi. Baada ya Mwanne kuapishwa, ujumbe ukaingia:

"Njoo. Na uje na sauti yako."

Alipofika mlangoni sauti ilimkataa. Alikohoa, akameza mate, akakohoa tena.

"Mwanne," alisema hatimaye, kwa koo kavu la mtu asiyejua ataambiwa nini.

"Ndiyo hiyo," Mwanne alijibu. "Hiyo sikuwahi kuisikia. Ingia. Na ukinificha tena kitu, mtani, nitakuzika mzima."

Walioana baada ya mfungo. Bi Kuluthumu ndiye aliyempaka bi harusi hina, na maneno yale kwenye simu aliyafuta mwenyewe, moja moja, huku analia. Siku ile alikula wali sahani mbili.

Mambo yangeishia hapo. Lakini kuna asubuhi ya kikao cha kwanza cha bajeti, ambapo mtaro wa soko ungejadiliwa. Mwanne aliamka mapema, akajifunga ushungi, akachukua mafaili yake. Alipofungua mlango wa uani, nyuma yake, kutoka ndani ya nyumba:

"Mwanne. Rudi ndani, umande huo."

Akageuka na hasira zote. "Lukumani! Si tulikubaliana?"

"Naam?"

Lukumani alikuwa nje uani, bombani, povu la mswaki limejaa mdomoni. Walitazamana. Ndani hamkuwa na mtu ila Bi Kuluthumu, na alikuwa anakoroma.

Lukumani akatema povu. "Umesikia?" alinong'ona.

"Nimesikia."

Mwanne alisimama kidogo kizingitini, pale pale asali ilipomwagikia. Kifua hakikumbana. Akarudi ndani, akatoa sweta msumarini, akalivaa, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni.

"Nimevaa, Sabiri," alisema taratibu, macho kwenye chumba kitupu. "Kalale sasa."

Kisha akatoka, akauvuta mlango nyuma yake.