Konzi Moja ya Mtama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kawthar hupanda juu ya paa la nyumba yao katika kijiji cha Bustan, chini ya majabali, akafagia banda, akabadilisha maji na kuwaamkia njiwa wake sita mmoja mmoja kwa majina. Njiwa hao alipewa na mjomba wake Aflah, fundi wa magari mwenye karakana mtaa wa Ghala, mbali na kijiji, siku alipotimiza miaka kumi na miwili. Mjomba Aflah amefuga njiwa wa mashindano tangu ujana wake.

"Hawa wako," alimwambia. "Ukifuata nnayokwambia, mwakani tunawatia mashindanoni."

Sharti kubwa la mjomba lilikuwa fupi: siku ya kurushwa, njiwa hali kitu. Mwenye njaa hurudi nyumbani moja kwa moja. Aliyeshiba hutua popote anapopenda, akajipumzisha bila haraka.

Jumamosi moja ya mwezi wa Septemba ilikuwa zamu ya safari yao ndefu kuliko zote, kutoka Ghala mpaka Bustan. Mjomba angewaachia huko, naye Kawthar angesubiri juu ya paa na kopo la mtama, alitikise kuwaita akiwaona, kisha apige simu.

Alfajiri hiyo Zabibu, njiwa mdogo wa rangi ya kahawia, alikuwa akimdonoa vidole. Kawthar alimwonea huruma. Safari yote ile na tumbo tupu? Akatazama nyuma, akampa konzi moja ya mtama. Zabibu aliimaliza kabla mjomba hajafika juu.

"Hawajala?" mjomba aliuliza huku akiwatia kwenye kapu.

"Hawajala," Kawthar akajibu, macho yake yako chini.

Saa moja simu ililia. "Nshawaachia!" Baada ya nusu saa njiwa walitokea juu ya majabali. Kawthar alitikisa kopo, nao wakaingia bandani mbio. Akawahesabu. Watano. Akawahesabu tena, kana kwamba wa sita angezaliwa hapo hapo. Zabibu hakuwemo. Akampigia mjomba kumwambia.

Ikafika saa mbili, ikafika saa tatu. Juu ya jabali lililo nyuma ya kijiji, kipanga alikuwa akizunguka polepole. Mjomba akapiga tena.

"Kaingia?"

"Bado, mjomba."

"Ulimpa chochote? Sema kweli, maana nakwenda kwa neno lako."

Hapo ndipo angeweza kusema. Lakini aliogopa. Mjomba akijua, si atawachukua njiwa wote? "Sikumpa kitu," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

"Basi kapigwa na kipanga. Mwenye njaa hakawii hivi. Nnakuja kupanda hilo jabali, pengine kaumia bawa tu."

Kawthar alibaki ameishika simu. Mjomba ana maradhi ya shinikizo la damu, na daktari alimkataza kutembea juani. Saa nne, jua likiwa limeshakuwa kali, alimpigia. Hapatikani. Akapiga mara ya pili, ya tatu, ya saba. Hapatikani. Sasa hakumwogopa tena mjomba, alimwogopea. Akateremka ngazi mbio hadi jikoni kwa bibi yake, Bi Kheiria.

"Una nini wee? Mbona mbio hivyo?"

"Bibi, nimesema uongo, na mjomba yuko jabalini!"

Bi Kheiria huendesha gari taratibu mpaka watu wa baiskeli humpita. Siku hiyo alikwenda kasi hata Kawthar akashikilia kiti kwa mikono miwili. Mwisho wa lami walikuta gari la mjomba limeegeshwa, tupu. Kawthar alichukua chupa ya maji akapanda njia ya mawe, akiita. Hakuna aliyeitika. Mbele kidogo aliiona kofia ya mjomba imelala chini peke yake. Akaiokota, akaita kwa nguvu.

"Mjomba!"

"Nipo huku." Sauti ilikuwa dhaifu. Alikuwa ameketi kwenye kivuli cha mwamba, kanzu imelowa jasho, midomo imekauka. "Kichwa kilinizunguka. Nimetafuta pote, sikuona hata unyoya."

Kawthar alimnywesha maji, machozi yanamtiririka. "Mjomba, nilimlisha. Konzi moja."

Mjomba alifumba macho.

"Basi yu hai," alisema. "Yuko juu ya mti wa watu, anastarehe. Nipe mkono nishuke."

Alasiri, Zabibu alitua kwenye ukuta wa paa, ameshiba kama mgeni wa harusi. Kawthar akatikisa kopo. Zabibu akaingia. Mjomba, aliyekwisha pimwa na daktari na kuamriwa kupumzika, alikuwa ameketi kwenye kiti pembeni.

"Utanipokonya njiwa?" Kawthar aliuliza.

"Nikupokonye kwa nini? Konzi ya mtama ni kosa dogo, kila anayeanza hulifanya. Mimi pia nililifanya. Lakini mwanangu, mimi nikiwa Ghala silioni paa hili. Macho yangu ni wewe. Mtama haukunipandisha jabali. Ulionipandisha ni uongo. Ungenambia kweli saa tatu, ningekaa nikanywa chai nikamngoja."

Kawthar alilia, akaomba radhi, naye mjomba akamfuta machozi kwa ncha ya kilemba chake.

Jumamosi iliyofuata mjomba alipanda tena, akawatia njiwa kwenye kapu lake. "Wamekula?"

Kawthar alimtazama usoni. "Hawajala. Ila Zabibu kaokota punje mbili chini, nimemwona."

Mjomba akacheka, akamtoa Zabibu kapuni na kumrudisha bandani. "Leo huyu abaki. Hao watano nnakwenda nao, na neno lako linanitosha."