Editha Akataa Kukadiriwa

Kila asubuhi Editha na mumewe, Polikarpo, huwasha tanuri lao Temeke pamoja na mafundi wao wachache. Hununua sufuria mbovu, feni zilizokufa na fremu za madirisha. Huziyeyusha, kisha humimina vipande vya alumini vizito kama matofali. Mteja wao mkubwa yuko Italia.

Jumatatu moja mteja huyo alituma ujumbe. Alisema Ulaya sasa inatoza ushuru kwa alumini inayoingizwa kwao, kulingana na hewa chafu iliyotoka wakati wa kuitengeneza. Anayelipa tozo hiyo ni mnunuzi. "Hatuna vipimo vyenu," aliandika. "Itabidi tuache kununua kwenu."

Polikarpo akamgeukia mkewe. "Mama Jesca, bora tuuze karakana."

"Siuzi!" Editha alijibu. "Viwanda vyao vimefuka moshi miaka na miaka. Leo tanuri langu moja ndilo linaharibu dunia?"

Akatoka na simu yake mpaka kwa jirani yao Tayyaba, mhandisi wa mazingira. Tayyaba alisoma ujumbe ule mara mbili.

"Una haki ya kukasirika, dada Editha," alisema. "Ila usipoonyesha vipimo, wanakukadiria. Na makadirio yao ni ya juu, kana kwamba alumini yako imetoka kwenye mawe ya mgodini. Kazi hiyo hutoa hewa chafu nyingi mno."

"Mgodi gani? Mie nayeyusha sufuria za Vingunguti!"

"Basi thibitisha. Kwa alumini chakavu, moshi wa zamani, wa kuitengeneza mara ya kwanza, hauhesabiwi. Wanahesabu mafuta unayochoma wewe. Andika kila siku umechoma lita ngapi, umetoa kilo ngapi. Tunza risiti. Kisha aje mkaguzi mwenye kibali ahakiki."

Editha alimwomba mteja asubiri miezi mitatu, naye akakubali. Kesho yake alinunua daftari.

"Sie mafundi, si makarani," Polikarpo alilalamika.

"Basi tutakuwa vyote viwili. Soma geji hiyo ya mafuta!"

Wiki ya pili daftari likawashtua. Tanuri lilikuwa linakunywa mafuta kupita kiasi. Walipolikagua, waliona mfuniko umepasuka na moto unapotelea hewani. Wakajenga mwingine kwa matofali ya kuhimili moto. Mafuta yakapungua kwa robo nzima.

Miezi mitatu ilipokaribia kuisha, mkaguzi alikuja. Alipima, akauliza, akapekua risiti moja moja. Hewa chafu yao ilionekana ndogo sana kuliko ile ya kukadiriwa. Mteja akaagiza tena.

Polikarpo alitaka washukuru tu. Editha akamwandikia mteja: "Tozo yako sasa ni ndogo kwa sababu ya kazi yetu. Kwa hiyo bei yetu inapanda."

"Watakataa, mke wangu!"

"Wakatae kwa mdomo wao. Mie simkatalii mtu kwa niaba yake."

Jibu lilikuja Alhamisi. Editha aliwaita mafundi wote, akalisoma kwa sauti.

Wamekubali.