Picha Kwenye Meza ya Marehemu

Sokoni Oaxaca, Meksiko, katika vurumai la wanunua maua ya Siku ya Wafu, msichana mwenye gauni la manjano alimkanyaga Citlali mguu.

"Pole, dada. Chukua wangu, bado mzima."

"Ubaki nao. Nibebee maua."

Aliitwa Rebeca. Hazikupita siku kumi, simu zao zikawa hazipoi. Citlali, mwenye miaka kumi na tisa, alijishangaa: moyo aliodhani ni mzito kumbe ulikuwa ukimngoja msichana mwenzake.

Mama yake, Eulalia, aliikuta picha yao wamekumbatiana. Alikuwa akitandika meza ya marehemu kama kila nyumba: mishumaa, mkate, picha za waliotangulia. Hakufoka. Aliikata picha katikati, nusu yenye Citlali akaiweka kando ya picha ya bibi yake.

"Kwangu umekufa," akamwambia binti yake.

Kesho yake muuza chokoleti hakuitikia salamu ya Citlali. Rebeca akapiga simu.

"Mpenzi, mbona kimya?"

"Nipo, Rebe. Naongea nawe."

"Nasikia upepo tu. Kama umenichoka, sema." Akakata.

Citlali akatazama kioo cha saluni, akaona viti vitupu tu, yeye hayumo. Mdomoni alihisi utamu wa mkate wa mezani, naye hakuwa ameugusa. Mbwa wao peke yake ndiye aliyemwona. Alimtangulia njia ya makaburini, akigeuka kumngoja. Miguu ya Citlali ikaanza kumfuata.

Mchana huohuo Rebeca alifika nyumbani kwao kugombana. Akaiona meza.

"Mama, amekufa lini?"

"Hajafa. Ni hasira zangu tu."

"Yuko wapi, basi?"

Eulalia akageukia mlango wa chumba cha binti yake. Tangu jana hakuwa amemwona mwanawe, wala hakuwa amemtafuta.

"Picha hiyo umeiweka wewe, mama. Iondoe wewe."

"Nikiiondoa, utamchukua."

"Usipoiondoa, watamchukua hao." Rebeca alionyesha picha za wafu.

Nta ilikuwa imeigandisha picha. Eulalia akaibandua kwa kucha. "Rudi, mwanangu. Rudi na mwenzako."

Kwenye lango la makaburi, mbwa aliketi. Simu ya Citlali ikaita.

"Rebe? Niko lango la makaburi."

"Nakusikia, mpenzi. Usikate. Nakuja."

Rebeca alimkuta amesimama langoni, mikono baridi kama maji ya mtungi.

Siku hizi wanaishi pamoja, na Eulalia huwapikia Jumapili. Lakini kila mwaka, mkate wa meza ile hukutwa umemegwa upande mmoja, na Citlali huamka na sukari mdomoni. Mama mwenzangu, mtoto akikuudhi, nenda kaoshe vyombo. Picha yake iache ukutani.