Chumba Chekundu cha Akida

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya Kibakwe, na Loisi alikuwa akipanda kutoka korongoni, mtungi uliojaa udongo mwekundu kichwani. Nyumba mpya ya Akida Mbaruku ilibakiza ukuta mmoja tu wa kupakwa, wa chumba cha kulala. Akida mwenyewe hakuwa na subira, alishahamia.

Kusiriba nyumba ni kazi ya wanawake huko, na hakuna aliyemfikia Loisi. Basi Mbaruku, mtu wa pwani aliyewekwa na Wajerumani atawale watu asiowajua, akamwita yeye. Wala hakukumbuka kwamba mumewe, Matonya, alikufa kwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano alivyoamuru Akida mwenyewe ndani ya boma. Kosa lake? Hakuinuka Akida alipopita. Hakukumbuka, jamani! Loisi alitamani amtafune mbichi.

“Barazani paka nyeusi,” Mbaruku alikuwa ameagiza, “wakiingia waingiwe na hofu. Chumbani kwangu nyekundu, kama mito ya harusi ya kwetu.”

“Ndiyo, bwana.”

Ujuaji huo! Kwa Wagogo nyeusi ni wingu la mvua, na kondoo wa kuombea mvua huwa mweusi. Watu waliingia baraza lile wakashusha pumzi kama wamefika kwao. Nyekundu ndiyo wanayoiogopa. Ni joto, ni damu, na hakuna mwenye akili zake anayelala humo. Loisi akaongeza na lake: akazungushia kuta pembetatu, ncha zote zikielekea kitandani. Alitaka yule bwana akose usingizi mpaka wazimu umpande.

Jioni hiyo alimkuta Mbaruku mlangoni, macho yamemvimba.

“Mama,” akanong'ona. Mama! Jana alimwita mshenzi. “Mfute huyo.”

“Yupi, bwana?”

Akaonyesha ule ukuta ambao haujapakwa.

Loisi akainua taa. Harufu ikampiga kwanza... jasho, na damu mbichi. Kisha akaona.

Mtu mwekundu, bado amelowa, amepinda mgongo. Bega la kushoto limeshuka.

Loisi hakumchora.

Lakini bega lile alilijua. Alililalia miaka yote ya ndoa yake. Machozi yakamtoka bila sauti.

“Nikifumba macho anasogea,” Mbaruku akanong'ona. “Kila nikifumba... Mfute, mama, nakusihi.”

Maji yalikuwa pale pale, miguuni pake, na kitambaa ndani yake. Angepitisha mkono mara moja tu, mambo yangekwisha. Loisi akachovya kidole kwenye udongo mwekundu. Taratibu, akachora mstari mrefu mkononi mwa yule mtu.

“Unamchorea nini?”

“Kiboko, bwana.”

Akachukua mtungi wake akaenda zake.

Asubuhi watu walivunja mlango uliokomewa kwa ndani. Mgongo wa Mbaruku haukutazamika. Ukutani hapakuwa na mtu. Loisi aliposikia alicheka mpaka akakaa chini.

Jioni yake akakutwa Hasani, askari aliyezishusha zile fimbo, naye amekufa vivyo hivyo, nyuma ya boma.

“Na bado,” Loisi akasema.

Jioni iliyofuata mlango wake ukagongwa.

“Dada, nifungulie!” Alikuwa Elieza, mdogo wake wa tumbo moja, akitweta.

“Una nini?”

“Kuna mtu ananifuata. Dada... walinilazimisha. Mimi ndiye niliyemshika shemeji miguu akichapwa.”

Loisi hakuwa akilijua hilo. Mkono wake ulikuwa kwenye komeo tayari. Huko nje ikapanda harufu ya udongo uliolowa, na nyayo... taratibu... za mtu asiye na haraka.

“Dada! Yuko hapa!”

Loisi akaondoa mkono kwenye komeo.

“Ulimshika sana?” akauliza.