Chaki ya Mama

Kabla Mama hajastaafu, asubuhi kwetu ilikuwa na mpangilio wake. Saa kumi na moja na nusu Mama alikuwa ameshavaa koti lake la buluu la kiwandani. Baba, ambaye ni kinyozi, alikuwa anasafisha mashine zake huku akiimba vibaya. Bibi, mama yake Baba, alikuwa ameshika jiko, na mimi nilikuwa natafuta soksi. Kila mtu na eneo lake. Hapakuwa na ugomvi kwa sababu watu hawakukutana.

Mama alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha mashati. Shati likishashonwa lilipita mikononi mwake, chini ya taa kali. Akiona kifungo kimelegea au uzi unaning'inia, alichora duara kwa chaki penye kosa, kisha akalisukuma shati kwenye meza ya pili. Alifanya hivyo kwa miaka ishirini na minne, na hakuna kosa lililompita.

Kisha macho yakaanza kumuuma. Daktari akamwambia waziwazi kwamba ile taa inamharibia macho, aachane nayo. Basi Mama akastaafu akiwa na miaka hamsini tu, kabla ya wakati wake. Wenzake walimuaga kwa keki na nyimbo, naye akarudi nyumbani na begi, miwani mipya na kipande cha chaki mfukoni. Laiti wangebaki na ile chaki.

Wiki ya kwanza alipumzika. Wiki ya pili akaanza kazi.

Nilirudi shuleni nikakuta duara jeupe kwenye mguu wa meza, kwa sababu meza ilikuwa inayumba. Lingine lilikuwa mlangoni, kwa sababu bawaba zilikuwa zinalia. La tatu lilikuwa kwenye kiatu cha Baba. La nne lilikuwa kwenye pindo la sketi yangu ya shule, nami nikaenda nalo darasani bila kujua. Wenzangu walinicheka mpaka mapumziko.

"Mama Redio," Baba akasema, "ukinikuta nimesinzia, tafadhali usinichore kipara."

"Hapo hakuna cha kurekebisha tena," Mama akajibu.

Baba alicheka. Bibi hakucheka. Siku alipokuta duara kwenye sufuria yake kubwa, pale ilipobonyea, alilifuta kwa kanga yake. Halafu akasema taratibu, "Miaka yote hii nimewapikia kwa sufuria hii, mkala mkashiba. Leo mimi na sufuria yangu tuna kasoro. Mwisho wa mwezi nahamia kwa shangazi yake Redio."

Redio ni mimi. Baba alinipa jina hilo kwa sababu sijui kunyamaza. Lakini siku hiyo niliogopa. Nilikuwa nalala chumba kimoja na Bibi tangu nikiwa mdogo, na sikuweza kuifikiria nyumba yetu bila yeye. Nikajiambia kwamba Mama akirudi kazini, kila kitu kitarudi mahali pake na Bibi atabaki.

Wiki hiyo mwalimu alikuwa anatufundisha kuandika barua rasmi. Nikaandika moja kwa jina la Mama, safi kabisa, yenye anwani na kichwa cha habari: naomba kurudi kazini, macho yamepona. Nikampa jirani yetu, ambaye ni mpiga pasi palepale kiwandani, nikamwambia Mama ndiye aliyenituma. Nilisema uongo mara mbili kwa siku moja, na wala sikutetemeka.

Siku tatu baadaye Bibi alikuwa barazani akishona foronya. Mama akapita, akainama, akachora duara kwenye mshono uliopinda. Nikashika kichwa. Lakini Bibi hakukasirika.

"Nimeliona kosa," alisema. "Haya, mwanangu, kaa hapa unionyeshe linavyorekebishwa."

Mama akabaki amesimama na chaki yake mkononi. "Sijui, mama."

"Hujui nini?"

"Kushona. Mimi nilikuwa nachora tu. Waliorekebisha ni wale wa meza ya pili."

Bibi akaweka sindano chini, akamtazama mkwewe, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ile foronya. Mama alikunja uso kidogo, kisha naye akashindwa kujizuia.

"Tena na macho haya," Mama akasema, "nitashonaje?"

"Mimi tundu la sindano sijaliona miaka mingi. Nashona kwa vidole. Uzi Redio atatutungia. Lete mkono."

Tangu siku hiyo walikaa barazani kila asubuhi, jua likiwa bado la upole. Majirani wakaanza kuleta sare zilizochanika. Mama alizipapasa akapata palipoharibika, na Bibi akamwongoza vidole. Safari ya kwa shangazi haikutajwa tena. Siku moja nikamsikia Mama akijiimbia, vibaya kumshinda hata Baba. Nilifurahi sana, kisha nikaikumbuka ile barua. Nikaomba iwe imepotea.

Haikupotea. Ijumaa jioni mpiga pasi alifika barazani na bahasha mkononi.

"Hongera, dada," alimwambia Mama. "Msimamizi amekubali ombi lako. Jumatatu unarudi kwenye meza yako."

"Ombi lipi?"

"Si ile barua uliyomtuma mtoto aniletee."

Mkono wa Bibi ukasimama. "Kumbe ulikuwa unatafuta njia ya kutukimbia," alisema. "Ungeniambia tu, mwanangu."

"Mama, sijaandika barua yoyote."

Bibi akaanza kukusanya nyuzi zake na kuzirudisha kwenye kopo, moja moja. Nilijua kopo lile likifungwa, kitakachofuata ni begi lake. Hakuna aliyenitazama. Ningeweza kunyamaza, na pengine nisingejulikana kabisa.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyeandika. Mama hajui chochote. Nilitaka Bibi asiondoke."

Mpiga pasi akaziba mdomo kwa kiganja. Mama akavua miwani. "Uliandika kwamba macho yangu yamepona?"

"Ndiyo."

"Yamepona?"

"Hapana," nikasema, na kilio kikanishinda.

Mama akatoa chaki mfukoni, akanivuta, akachora duara kwenye shati langu, kifuani. "Zamani ningeishia hapa," alisema, "kisha nikakusukuma meza ya pili. Sasa nimejifunza kushona. Kaa chini, lete daftari."

Nikaandika barua nyingine palepale, ya kweli, kwa jina langu mwenyewe. Kabla sijaimaliza nilisikia Bibi akilifungua tena lile kopo.

Jumatatu baada ya masomo tulikwenda kiwandani, mimi na Mama. Msimamizi aliisoma barua, akanitazama juu ya karatasi. "Mwandiko ni uleule," alisema, "ila hii naiamini." Akamgeukia Mama. "Kwa hiyo hutaki kurudi?"

Mama akaitazama meza yake ya zamani na ile taa. "Nimeshapata kazi barazani kwangu," akajibu, na alitabasamu kwa namna ambayo sikuwahi kuiona alipokuwa na koti la buluu.

Njiani alinishika mkono. "Redio, tumekosea wote wawili. Mimi niliona makosa ya kila mtu, nikadhani nimefanya kazi. Wewe uliogopa, ukajificha nyuma ya uongo, na uongo huo nusura umfukuze yuleyule uliyetaka abaki. Aliyekosea akisema ukweli, ndipo anaposhika sindano. Ungeniambia siku ileile kwamba unaogopa, tungeanza kushona mapema."

Tulipofika nyumbani, Baba alikuwa amesinzia kwenye kiti barazani. Katikati ya kipara chake palikuwa na duara jeupe, safi kabisa. Mama akajipapasa mfukoni, akakuta chaki haipo.

"Msinitazame hivyo," Bibi akasema, akiendelea kushona bila hata kuinua kichwa. "Nami najifunza kazi ya mkwe wangu."