Mtaro Uliosingiziwa

Kila Jumamosi, kabla chai haijapoa, Chapuchapu alikabidhiwa koleo. Mdogo wake alikuwa kitandani na homa, viungo vyote vikimuuma. Zahanati walipima wakasema si malaria, ni homa ya dengi, nayo pia huletwa na mbu. Baba yao, fundi wa matairi, alishika neno mbu tu. Mbu hutoka mtaroni, alisema, na jirani asiyekuja kuzoa tope alimwita mvivu mbele za watu.

Walizoa mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mtaro ukawa safi, lakini mbu hawakupungua. Tena waliuma mchana kweupe, na mtoto wa jirani naye akaugua. Chapuchapu alichoka na kukasirika. Kazi yote ile ilikuwa ya bure.

Bibi afya wa mtaa alimwomba amletee mbu wa nyumbani kwao. Chapuchapu, aliyepewa jina hilo kwa kufanya kila kitu mbiombio, aliwapiga makofi akawapeleka ndani ya kiberiti.

"Huu ni uji, mwanangu," alisema bibi afya.

Safari ya pili aliwabana kwa vidole. Bibi afya alitazama kwa lenzi, akatikisa kichwa. Mbu ana vigamba vidogo mno, alieleza, na vidole huvifuta pamoja na alama zake. Chapuchapu nusura alie.

"Kwani mbu si ni mbu tu?" aliuliza.

"Nchi hii ina aina nyingi za mbu. Kila aina ina makazi yake na saa yake ya kuuma. Usipomjua, utabomoa nyumba isiyo yake."

Safari hii alitulia. Alimfunika mbu ukutani kwa glasi, akapenyeza karatasi taratibu. Chini ya lenzi aliona miguu myeusi yenye pete nyeupe. Mbu wa malaria, aliambiwa, hutua akiwa ameinua mkia. Wale wa kahawia wanaoimba masikioni usiku hupenda maji machafu. Huyu mwenye pete ndiye wa dengi, na mtaro hautaki. Hutaga kwenye maji yaliyotuama ndani ya ndoo, makopo na matairi.

Chapuchapu aliposikia matairi, alirudi nyumbani mbio. Nyuma ya karakana ya baba kulikuwa na rundo zima lililonyeshewa. Alitamani kunyamaza, maana baba alikuwa amewasema majirani wote. Kisha akamkumbuka mdogo wake, anayelia akiguswa tu.

Alimwambia baba. Baba alifoka kwamba mtoto asimfundishe kazi, akainamisha tairi la juu ili amwonyeshe kuwa ni kavu. Maji yalimwagika miguuni pake, yamejaa viluwiluwi vya mbu.

Jioni aliwaita majirani. "Nyani haoni kundule," alisema. "Niliwaita wavivu, kumbe mbu nawafuga mimi. Nisameheni." Matairi yaliondolewa maji, yakahamishiwa chini ya paa. Mdogo wake Chapuchapu alipona, na hakuna mwingine aliyeugua.

Jumamosi iliyofuata walikunywa chai yao hadi mwisho. "Nguvu tulikuwa nazo, mwanangu," alisema baba. "Tulichokosa ni kutazama vizuri kabla ya kushika koleo. Nawe siku nyingine ukiniona nimekosea, niambie, hata nikifoka."